Mengineyo

Saa nane usiku Mtaa wa Kongo umekunjwa kama turubai.
Mimi karani: kizibao cha njano, tochi, kalamu mbili,
na agizo lisilo na haya:
wahesabu waliolala nje bila kuwasumbua,
kisha waamshe, uwaulize wanaishi wapi.

Swali la kwanza, jina la mkuu wa kaya.
Kaya ni boksi la friji lililopasuliwa ubavu.
Mkuu wake Zamoyoni binti Pazi, mpika chapati,
na mtoto, Sikujua, amelala mdomo wazi.
"Mwingine yuko Kitunda kwa dada. Na huyo mhesabu.
Au anahesabiwa hukohuko?"
Dodoso halikusema.

Swali la saba, paa limeezekwa kwa nini?
Bati, vigae, makuti, zege, mengineyo.
Akainua macho. Tulikuwa kibarazani pa benki,
juu yetu bango, baba na mama wanacheka, ufunguo unaning'inia:
MILIKI NYUMBA YAKO LEO.
"Tia mengineyo," akasema. "Pembeni andika: mkopo."
Nikaandika.

Chumba alikuwa nacho, Tandale, futi kumi kwa kumi,
elfu hamsini kwa mwezi, na hakuwahi kuruka mwezi.
Mwenye nyumba akafa, mwanawe akaja na daftari jipya:
miezi sita mkononi, au funguo mezani.
Akaenda kutafuta kwingine. Miezi sita,
na mwezi wa saba wa dalali, ujira wa kunyoosha kidole.
"Mimi, mwanangu, unga nanunua kilo,
mafuta kwa kikombe kile cha kahawa,
umeme wa buku, ukikatika tunalala.
Mji mzima unanipimia kidogo kidogo.
Iweje paa peke yake liuzwe kwa gunia?"

Hilo halikuwa na nafasi kwenye dodoso.

Wiki ya tatu, semina. Ukumbi una baridi ya buchani,
wadau, chupa za maji, sambusa mbili mbili.
Ukutani ikamulikwa picha ya nyumba za gharama nafuu,
nyeupe kama meno, kule lami inakochokea,
nauli mbili kwenda, mbili kurudi, milioni sitini.
Nafuu ni neno la wagonjwa, nikawaza,
na mgonjwa apataye nafuu walau ana kitanda.

Nikanyoosha mkono. Nikasema habari ya gunia.
Mama mmoja akasimama, Bi Mwanahawa Shomvi wa Mburahati:
"Mimi ndiye huyo mwenye nyumba mnayemsema.
Vyumba vinne, kiinua mgongo cha marehemu.
Miezi sita ya mpangaji ndiyo bati la chumba cha tano.
Mkiikata kodi vipande, nitaezeka kwa vipande?"
Kimya. Hata kiyoyozi kilisikia.
Ndipo mhandisi Lusekelo, kalamu mdomoni:
basi uwepo mfuko katikati,
umlipe mama kwa gunia, umdai mpangaji kwa kilo,
na dalali ayanyooshee mawingu kidole.
Watu wakacheka. Katibu akaandika: kicheko.
Sijui kama aliandika mfuko.

Jedwali lilipotoka nikamtafuta Zamoyoni.
Safu ya paa: tisini na tisa.
Ndiyo namba ya mengineyo. Neno la pembeni limefutwa,
mashine haisomi pembeni.

Leo usiku nimerudi Kongo bila kizibao.
Nimemletea unga, kilo mbili, najua si sera.
Simu ikatetema mfukoni, mwenye nyumba wangu, Keko:
mkataba unaisha tarehe thelathini. Safari hii mwaka mzima.
Zamoyoni akausoma uso wangu kwa mwanga wa bango,
akasogeza boksi, akanipa pa kukaa.
"Swali la kwanza," akasema.