Waya wa Tatu

Kutoka kituo cha simu hadi mlangoni kwetu
ni kilomita saba na ushei za waya wa shaba.
Unapanda kilima, unashuka, unavuka kijito,
unapita juu ya kondoo wa Prydderch
wanaojikuna kwenye nguzo kana kwamba zimesimikwa kwa ajili yao.
Intaneti ikitufikia, imechoka.
Megabiti moja na nusu. Siku ya jua, karibu mbili.

Kila jioni Idwal hupima kasi
na kuiandika kwenye daftari la uzazi wa kondoo:
mstari huu pacha, mstari huu mfu, mstari huu intaneti.
Kampuni ilituahidi nyuzi za kioo mwaka ujao.
Mwaka ujao huo sasa una umri wa miaka tisa.

Binti yetu Mererid yuko Tasmania.
Akipiga kwa video tunaona paji la uso,
kisha viraba, kisha sikio.
Mjukuu wetu Heledd tumemjua kwa mafungu, kama nyanya.

Basi Idwal akaagiza waya wa pili.
Nikamwambia, njia mbili zilimshinda fisi.
Akanijibu, fisi hakuwa na modemu.

Fundi Iestyn alikuja na mvua yake,
akapanda nguzo, akashuka, akanywa chai vikombe vitatu.
"Mzee, kuunganisha nyaya si kuongeza mbio," akasema.
"Punda wawili hawamshindi mmoja kwa mwendo.
Wanabeba zaidi tu."
"Mimi sina haraka," Idwal akasema. "Nina mzigo."

Waya wa tatu hatukuuagiza.
Ulikuwapo ng'ambo ya ua, katika nyumba ya mama yake,
aliyefariki majira ya kunyoa kondoo, mwaka wa sita huu.
Bili ilikuja kila mwezi, na kila mwezi Idwal akailipa.
Sikumuuliza.
Kuna mambo ukiyauliza unayaua.

Alichimba mtaro siku mbili, mgongo ukimuuma,
akapitisha waya ndani ya bomba kuukuu la maziwa,
akauingiza kwa dirisha la jikoni kwa mama.
Simu ingali ukutani pale, rangi ya haradali,
kamba yake imejisokota
kwa kidole kilichoizungusha miaka arobaini.

Usiku ule taa tatu za kijani ziliwaka sebuleni.
Iestyn alitueleza: kila kitu hukatwa vipande,
kila waya huchukua vyake,
na huku mwisho mashine humsubiri wa nyuma
ndipo ishone.
Wa nyuma daima ni waya wa mama.
Hata yeye alikuwa hivyo. Chai ikishapoa,
ndipo unasikia viatu vyake uani.

Nne kasoro kidogo.
Idwal akaipigia mstari mara mbili daftarini.

Jumapili tulimwona Heledd mzima.
Pengo la jino, kigaga gotini,
nyuma yake mbwa ambaye hatukujua wanaye.
"Bibi, mbona mnanikodolea macho?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa nahesabu vidole vyake.

Ndipo ng'ambo ya ua simu ikalia.

Picha ikaganda, Heledd mdomo wazi.
Idwal akatoka mbio na soksi, katika tope.
Kupitia dirishani nilimwona ameinua mkono wa simu,
amesimama wima kama mvulana aliyeitwa na mwalimu.
Alikaa huko kitambo.

Aliporudi soksi zilikuwa zinachuruzika maji.
"Wauza madirisha," akasema.
"Wanamtaka Bi Prosser. Wameuliza kama yupo."
"Ukawaambiaje?"
Akaketi. Picha ilikuwa imerudi, mbwa amelala.
"Nimewaambia wapige tena."

Kuna kichujio kidogo cha kuchomeka ukutani;
simu ikilia, picha haikatiki.
Iestyn anasema ni pauni sita tu, dukani mjini.
Idwal anasema atakinunua.
Alhamisi tulikwenda mjini, tukapita mbele ya duka lile.
Alinunua misumari.