Mshumaa wa Leelo

Baraza lilikuwa limeshaamua:
madirisha yote thelathini na sita ya maktaba
yang'olewe, yatupwe, yaletwe ya plastiki.
Karatasi ya bei ililala mezani kwangu
na tarakimu ndefu kuliko majira ya baridi ya Võrumaa.

Nilikuwa nimevaa koti ndani ya nyumba.
Endel alisoma gazeti na glavu mikononi,
kidole kimoja tu nje, cha kugeuzia kurasa.

Ndipo akaja Leelo, seremala,
na kishumaa cha keki mfukoni.
"Kabla hamjayazika," alisema,
"niacheni niyapime mapigo."

Akapita dirisha hadi dirisha.
Hapa mwali ukasimama wima kama mwanafunzi,
pale ukainama,
na nyuma ya rafu ya historia
ukazimika kabisa.

"Kioo hakina kosa. Kosa liko ukingoni,
pale mti na mti vilipoacha kukutana."
Msonobari huu uliota taratibu,
pete zake zimebanana kama meno ya kitana;
umeshuhudia tawala nne na rangi tisa.
Ukuta tulikuwa nao.
Ufa ndio hatukuuziba.

Jumamosi nne za Oktoba.
Tukakwangua puti iliyokauka kama ukoko,
tukapigilia mpira mwembamba kwenye kingo,
tukasindika sufu penye mapengo.
Bawaba zikanywa mafuta, zikaacha kulalama.
Kisha kioo cha pili, upande wa ndani,
kwenye fremu nyepesi yenye nambari ya penseli,
kitakachotolewa barafu ikiyeyuka.
Kati ya vioo viwili nikalaza pamba
kama alivyofanya bibi yangu kila vuli,
akidai ni kwa ajili ya unyevu,
ingawa aliipamba kwa matunda mekundu ya porini
na unyevu haujali urembo.

Mapazia tulipewa na sinema iliyofungwa.
Bado yananuka bisi.

Dirisha la kumi na tisa lilitushinda.
Limeoza hadi moyoni, bisibisi ikazama kama kwenye mkate.
Hilo tukanunua jipya,
na kwenye taarifa sikulificha.

Januari. Nje, nyuzi ishirini na moja chini ya sifuri.
Bili ya joto niliisoma mara mbili
nikidhani wamesahau ukurasa.
Diwani Urmas akaja, akaweka kiganja kwenye kioo.
"Kumbe mmeshabadilisha?"
"Ni yale yale," nikamwambia. "Sasa yanafunga."
Akabaki pale muda mrefu,
mtu aliyekwisha andaa hotuba nyingine.

Endel amevua glavu.
Juzi alizisahau kwenye kizingiti cha dirisha,
nami nikazikuta asubuhi, kavu, na joto kidogo.

Kipande cha mshumaa kimo kwenye droo ya mihuri.
Vuli hii nilikiwasha peke yangu baada ya kufunga,
nikazunguka polepole, kiganja kikiukinga mwali.
Kwenye la saba ukainama.
Kidogo tu.
Nikaenda kutafuta sufu.