Ngome Uliyoiacha Wazi

Meza namba moja, bwalo la sekondari, Makole.
Upepo wa Agosti unagonga mabati
kama mtu anayedai deni.
Kitunda chako kimoja kilipotea Mpwapwa mwaka juzi,
mahali pake umeweka zabibu kavu,
na kila mwamuzi anayepita anaitazama,
kisha ananitazama mimi
kana kwamba ndiye mwenye njaa.

Ulipoketi ulisema "Mbukwa,"
wewe Mrangi wa Kondoa, kwa Kigogo cha kuazima.
Sikuitikia. Nilikuwa nimejiapiza
sitacheka kabla ya hatua ya kumi.
Nikacheka hatua ya tatu.

Miezi sita tumecheza kwa meseji:
Farasi F3. Umelala? Askofu C4.
Mama, Mwanglikana wa kufa na kuzikana,
aliiona moja akauliza
ni askofu gani huyu anayehamishwa kila usiku.

Hatua ya thelathini na moja
ukaiacha ngome yako wazi,
haina mlinzi, mbele ya malkia wangu.
Ukabonyeza saa, ukageukia dirisha.

Damu ikanipanda.
Ananihurumia, nikasema.
Mbele ya mwalimu Chibehe anayeandika kila hatua
kijana huyu ananinunulia kombe kama soda!
Nimevuna karanga za watu Kongwa
nipate nauli ya kufika hapa.
Sikuja kupewa.

Dakika kumi na moja nikaziacha zife,
kisha nikasogeza kitunda, pembeni kabisa, kwa hasira.
Mabega yako yakashuka.
Nikadhani ni haya.

Tukala, tukaliwa.
Zabibu yako niliikamata, nikaitia mfukoni.
Mpaka wafagiaji wakaanza kupanga viti,
mpaka wakabaki wafalme wawili,
wangu na wako, wakizungukana
bila ruhusa ya kugusana:
sheria inataka mraba mmoja katikati.
Sare.

Nje, kwenye ngazi, nikakuwakia:
"Ile ngome, Juberi! Nani alikuomba?"
Ukanikodolea macho.
Ukachuchumaa, ukachora ubao vumbini kwa kidole:
malkia anakula ngome,
farasi huyu hapa, askofu yule kule,
hatua nne, shahamati.
"Ulikuwa mtego, Sechelela.
Nimekesha nao wiki mbili.
Kidogo nilie ulipoukwepa."

Upepo ukaufuta ubao, tukabaki tumeinamia vumbi tupu.
Wapo walioniita mrembo, wapo walioniachia kiti.
Hakuna aliyewahi kunitegea hivi,
kwa akili yake yote,
bila kunipunguzia hata chembe.

Basi la Kondoa linaondoka saa kumi.
Nimeitoa zabibu mfukoni, ina nyuzi za sketi,
nimeiweka kwenye ngazi kati yetu.
Umeipangusa, umeing'ata,
nusu umenisogezea.

Saa ya mchezo anayo mwalimu.
"Mbukwa," nimekuitikia,
nimechelewa masaa matano.