Ng'ombe Mia na Thelathini

Lilipoingia Nkuhungu, vikombe vyangu vilitikisika kabatini.
Jekundu, pua ndefu, usukani kushoto,
linanguruma kama dume lililonyimwa chumvi.
Kuku walikimbilia chini ya karo.
Mimi nikakimbilia simu.

Niseme kweli, maana nimeshaungama kwa mchungaji,
na mchungaji naye alikuwa mmoja wa wasemaji:
ni mimi niliyeanzisha.
"Lile si gari la mshahara,"
nilisema kwenye maombi ya Alhamisi.
Neno likatoka pale limeokoka,
likafika Chang'ombe limelewa.
Hezroni Mlewa anauza unga.
Hezroni kala pesa za mradi.
Hezroni ana nyoka kwenye buti, anamlisha mayai.
Mlinzi wa benki akawa anaandika namba zake kila akipita.
Mwalimu wa kwaya akamhamisha binti yake
kutoka safu ya mbele, iliyotazamana na dirisha.
"Debe tupu haliishi kuvuma," mama mmoja akasema.
Tukaitikia amina.

Na mbio zake! Watu waliapa
anafika Morogoro kabla chai haijapoa.
Mimi nilikuwa nyuma yake siku ile ya msiba wa Kibaigwa:
hamsini. Hamsini tu, njia nzima,
malori ya alizeti yanampita,
kila tuta analivuka kwa ubavu, polepole,
kama mja mzito anayeshuka ngazi.
Trafiki walimsimamisha mara nne.
Hakuwa na kosa. Alikuwa na gari.

Mwezi wa saba akaja kwangu na faili.
Nilikuwa karani wa forodha miaka ishirini na sita
kabla magoti hayajanistaafisha;
alitaka nimwangalizie kama wakala alimwibia.
Nikavaa miwani.
Baba yake alikaa pembeni, na kwa kuwa dola haimwingii,
nilihesabu kwa ng'ombe.

Bei ya muuzaji wa Ohayo: ng'ombe hamsini na wanane.
Meli na bima: kumi na wawili.
Halafu ushuru wa forodha. Ushuru wa bidhaa.
Uchakavu, yaani faini ya kuzaliwa zamani.
Kodi ya ongezeko la thamani juu ya hayo yote,
kodi iliyobebwa mgongoni na kodi.
Siku tisa za kulala bandarini
kwa sababu tarakimu moja ya namba ya malipo ilikosewa.
Na muda wote huo, meli ikiwa majini,
dola nayo ilikuwa safarini, kwenda juu.

Mzee alikunja kidole cha mwisho.
"Mia na thelathini," alisema kwa Kigogo,
taratibu, kama anayetaja marehemu.
Kisha: "Na halizai."

Wakala hakuiba.
Nilitamani angekuwa ameiba.

Sikumuuliza pesa alizipata wapi. Zilikuwa humo humo ndani ya faili:
miaka kumi na minne ya kuchimba visima,
Bahi, Mpwapwa, Kondoa, Chamwino,
hati za malipo zilizokunjwa mara nne, zenye udongo bado.
Nilimuuliza kwa nini.
Hakunisikia.
Nikauliza tena, kwa sauti ya kuitia mbuzi.

"Mtambo," alisema, akigusa sikio.
"Ndege siwasikii tena. Mke wangu namsoma midomo.
Kengele ya kanisa naiona tu ikicheza.
Lakini hili, ukiliwasha,
linanifikia hapa."
Akaweka kiganja kifuani, akakiacha hapo,
mpaka baba yake akatazama chini.

Alhamisi iliyofuata nilisimama kwenye maombi
nikayasema yote, na kisima kimoja kimoja.
Walinisikiliza vizuri. Mmoja alifuta macho.
Ni mwezi wa tano sasa,
na neno hilo halijafika hata Chang'ombe.
Linakwenda mwendo wa gari lake:
hamsini, na matuta.