Kigari cha Kulia

Ilibaki Barani badala ya mshahara.
Mdenishi wa visima, maji yalipomkataa na pesa zikamwisha,
alimwachia baba ufunguo, tochi na makopo matatu ya oili
akapanda basi la Mombasa bila kugeuka.
Baba hakuuliza. Fundi hahitaji maelezo
akiona silinda nne zimepanga foleni
na springi za valvu ziko nje, uchi,
zinachezacheza kama vidole vya mtu anayehesabu deni.
Haina mnyororo. Ina shafti,
na mlio wa bunzi aliyefungiwa mtungini.

Ila kigari chake kiko kulia.
Kwao barabara wanaishika vingine;
kwetu, mama ndiye aliyetangulia kukutana na malori.
Alikaa humo, buibui kalikunja chini ya mapaja,
sinia ya mikate magotini,
na kila basi la Garsen lilipompitia shavuni
alisema tu, "Mbarak, huyu nusura anipake rangi."

Baba alimuuliza uzani wake miaka kumi na tisa.
Kwa ajili ya springi, alisema. Kwa ajili ya tairi.
"Kapime samaki," mama alijibu,
na kadi ya kliniki akaishonea ndani ya godoro.

Tulimzika Mfunguo Tano.
Arubaini ilipokwisha baba akaiwasha.
Njiapanda ya Mambrui akakata kulia
na kigari kitupu kikapaa,
gurudumu likazunguka hewani kama limesahau kazi yake.
Alirudi na goti limechubuka,
akaniambia nilete gunia na beleshi.

Mchanga wa Sabaki una wekundu, unang'ang'ania mikono.
Debe moja: akaenda hadi njiapanda, akarudi.
"Bado. Huyu ni msichana."
Debe la pili.
"Bado. Huyu ndiye niliyemuoa."
Kisha kwa kibaba. Kisha kwa viganja.
Mimi nashika tochi ya Mdenishi, yeye anatia, anapunguza,
anaonja kona kama mpishi anayeonja mchuzi.
Mara ya mwisho mlio haukubadilika hata kidogo;
aliikata kona ile kama anavyofungua mlango wa nyumbani.
Akazima. Hakushuka.
Injini ikapoa, tik, tik,
mbu wakatufaidi, hakuna aliyesema twende.

Asubuhi alilipeleka gunia kwa Mbohora mwenye mizani,
limekaa palepale, kamba shingoni.
Mimi nikaambiwa ningoje nje.
Alipotoka alikuwa akitikisa kichwa.
"Kumbe ndiyo maana zile springi," alisema peke yake,
papo hapo akafunga kinywa.

Hajaniambia mpaka leo.
Gunia tumelibadilisha mara mbili, mchanga ni ule ule;
linaketi kulia, malori yanaanza nalo.
Nikimuuliza ni kilo ngapi
ananiambia nikapime samaki.