Aliyeutambua Mmea

Nilikuwa karani wake miaka ishirini na mbili
pale Fort Portal, juu ya duka la vyerehani.
Wakili Kabasinguzi hakujua jina la ua lolote
ila waridi, na hilo kwa sababu ya mazishi.

Alipotimiza sitini na moja alitumbukia mtaroni
akiifuata simu iliyomponyoka,
akatoka na kangaga mkononi. "Jani gani hili?"
Sikujua. Naye hakujua. Hilo ndilo lililomuudhi.

Sasa majalada yetu ya kesi yana majani.
Kati ya kiapo na hukumu ua la zambarau limelala bapa,
na joho lake limefunika mbao za kukandamizia
alizochongewa na fundi wa majeneza.
Kilatini alichowarushia mahakimu
leo anawanong'oneza magugu, amepiga magoti,
kishona nguo kimemganda mpaka nyweleni.
Wajukuu humcheka. Mimi humshikia mwavuli.

Asioutambua huupa mpaako, kama tunavyopeana sisi:
huyu Atwoki, yule Adyeri,
"mpaka nijue ukoo wake. Siwezi kumwita wewe, wewe."

Juzi tulikwenda Kasenda, kando ya ziwa la kreta,
kutafuta okidi ya manjano.
Hatukuipata. Tulipata masale,
mstari mzima,
yamefyekwa mara ngapi sijui, yakachipua,
yakapita katikati ya chai ya mtu.

Alisimama. Nikajua anaisoma namba ya kesi.

Mjane yule, Kezia Kabanyoro, viatu mkononi,
alisema: mpaka wetu ni mmea.
Na wakili wetu: "Mmea gani? Litaje jina lake mahakamani."
Alilitaja, kwa Kitooro.
Mkalimani akasema, "Ni jani tu, mheshimiwa."
Tulishinda kabla ya saa sita.
Mchana ule nilikula mbuzi wa kuchoma. Nakumbuka hata pilipili.

Sasa akalitaja jina lile lile, kwa Kitooro, polepole,
kisha kwa Kilatini, kama anayeapa.
Hakukata hata jani moja.
Aliandika daftarini: mahali, mwinuko, udongo mweusi wa majivu,
na palipoandikwa *aliyeutambua mmea*
kalamu ilikaa hewani muda mrefu.

Kezia Kabanyoro, akaandika.
Halafu, bila kunitazama, akaniuliza ulikuwa mwaka gani.
Nilimtajia na tarehe.