Mmefiwa na Nani?

Tulipopita na hema begani pale kijiweni kwa bodaboda, Masasi,
Chilumba, niliyesoma naye darasa la nne, akapaza sauti:
"Nyumba yenu ina bati. Mnakwenda kulala nje. Mmefiwa na nani?"

Nikacheka. Watoto wakacheka kwa kuwa nimecheka.

Hema lilikuwa la watu waliokuja kupima kinywe Ruangwa,
wakaondoka, kambi yao ikauzwa vipande vipande.
Nguzo moja imepotea; tumeweka mwanzi.
Zipu inafungika hadi katikati,
palipobaki tunabana kwa pini ya kanga.

Oktoba. Mabibo yanachacha chini ya mikorosho.
Vumbi jekundu limefika kwenye kope.
Mto ni mchanga mtupu,
na mchangani kuna duara, duara, duara,
alama za makalio ya ndoo zilizosubiri.

Halafu mawe ya Nakalembo.
Moja limekaa kama mtu aliyegoma kuhama,
jingine limeliegemea, halisemi kitu.
Mchana kutwa yana rangi ya jivu la jana,
huyatazami mara mbili.
Ila saa kumi na mbili kasoro,
jua likiinamia upande wa Tunduru,
yanaiva.
Sina neno jingine. Yanaiva,
kama tofali tanuruni, wekundu ukitoka ndani.
Litunu, mwenye miaka sita, akarudisha mkono nyuma:
"Mama, litaniunguza?"
"Liguse."
Akaligusa. Akaacha kiganja hapohapo, muda mrefu.

Tulichemsha ming'oko kwa maji ya dumu la lita tano,
ya kunawa tukayatumia mara mbili.
Esha akauliza choo kiko wapi.
Nikamwonyesha wilaya nzima.

Usiku pimbi walilia mwambani.
Kilio chao huanza kama bawaba yenye kutu
na mwishoni ni kama mtu anaitwa kwa jina.
"Nani huyo?"
"Pimbi."
"Anamlilia nani?"
Nikamvuta shuka hadi kidevuni.

Machi ya mwaka juzi nilipigiwa simu, niko Kahama, zamu ya usiku.
Mabasi matatu. Daraja limekatika, tukalala barabarani.
Nilipofika, mikeka ilikwisha kunjwa,
sufuria za majirani zimerudishwa kwa wenyewe,
mvua imeosha mafiga.
Dada yangu Somoe akasema:
"Tumelala nje siku tatu.
Nafasi yako tuliiacha, ubavuni pa shangazi.
Haikulaliwa na mtu."
Hakusema kwa hasira. Hasira ningeijibu.

Mama aliponda kokoto chini ya mawe haya,
nyundo yenye mpini wa mpingo, vidole viwili bila kucha.
Aliyajua mawe kwa sauti:
hili litapasuka, hili litakataa.
Lile kubwa alilipiga mara moja tu, angali msichana.
Lilimrudishia nyundo, alisema,
na tangu siku ile walisalimiana.

Usiku wa manane nilifungua pini ya kanga, polepole,
nikatoka na mkeka.
Jiwe lilikuwa bado na joto la mchana.
Nikalala ubavu kwa ubavu nalo,
nalo likapoa kidogo kidogo,
kama mtu asiyetaka kuondoka
kabla hujapitiwa na usingizi.

Asubuhi Esha alinikuta huko, chembe nyekundu shavuni.
Alitazama mkeka. Alitazama hema.
"Mbona umelala nje, na hema tunalo?"

"Zimebaki siku mbili," nikamwambia.
"Mwamshe mdogo wako. Mkatafute kuni."